Hukumvunja, Somo

Shikamoo, Somo yangu.

Barua huanza kwa kuuliza hali, na adabu hiyo umenifunza wewe mwenyewe, lakini wewe nikuulize hali gani? Ya kwako anaijua Mola. Yangu nakupa: ni mzima, nimenenepa, kanga ya kifuani haikauki kwa maziwa, na nalala mpaka Shabani, mume wangu, ananiamsha kwa kunikoholea. Ndiyo, maziwa. Nina mtoto. Kaa kitako, habari yenyewe ni ndefu, na wewe ulishazoea kuniambia naongea kama chiriku.

Lakini lililonishikisha kalamu ni hili, nalitanguliza lisije likapotea katikati ya maneno. Hukumvunja. Mwanaidi wangu, yule wa kwanza, hukumvunja mkono, hukumvunja goti, wala jicho lake hukulipofua. Nimeambiwa na daktari wa watoto huko Dar es Salaam, mbele ya mume wangu na mbele ya Shangazi, akatueleza mpaka tukaelewa sote watatu. Ewe Somo! Nilikwambia toka mwanzo, ukawa unaniitikia "haya, mwanangu" kwa sauti ile ya kumridhisha mgonjwa. Sasa nimepata wa kunishuhudia, na wewe hupo. Wallahi hapo nakukasirikia. Ungevumilia kidogo tu.

Ngoja niipange vizuri, maana wewe uliondoka na nusu yake.

Unakumbuka Mwanaidi alivyozaliwa kwako Mohoro, kwenye kile chumba cha uani, mvua inapiga bati. Wewe uliyenicheza unyago ndiwe uliyenizalisha, kama ulivyowazalisha nusu ya wanawake wa pale. Ilikuwa miaka ile ruksa ya biashara imekolea, maduka ya Kibiti yamejaa kila kitu, na Shabani akaniletea chupa ya mafuta ya watoto yenye picha ya mtoto wa Kizungu. Ulimimina kidogo kiganjani, ukanusa, ukasema, "Haya maji yametiwa marashi," ukaenda zako kukuna nazi. Kesho yake ukakaa mkekani, miguu umeinyoosha, mtoto umemlaza juu ya miguu yako, ukaanza kumnyoosha kama ulivyowanyoosha wote: mgongo, mapaja, vidole kimoja kimoja, kisha ile ya mwisho, kuipishanisha mikono kifuani ili mabega yafunguke. Mikono ya Mwanaidi ikagoma kupishana. Haikufika.

Nilikuona ulivyosita. Halafu ukacheka, ukamwambia, "Umejikunja sana humo ndani, bibie. Utakunjuka tu, dunia pana hii." Tangu hapo kila asubuhi ukawa unamvuta kidogo zaidi, na mafuta unazidisha, naye analia. Ukimaliza unambusu nyayo. Mimi nilikuwapo siku zote hizo, nimeegemea ukuta na tumbo limekazwa mkaja, na sijaona tena mikono yenye huruma kama ile.

Arobaini akaja Shangazi kutoka Ruaruke. Unamjua Shangazi: dada wa baba yangu, na papo hapo ni mama wa Shabani, yaani mkwe wangu. Ndoa yetu ameifunga yeye kwa mdomo wake kabla shehe hajafika. "Damu nzito kuliko maji," aliwaambia watu, "mwanangu aende kuokota mke Dar, na binti wa kaka yangu yupo?" Siku ile akamfunua mtoto kwenye kanga mbele ya wanawake wote. Mikono mifupi kutoka begani mpaka kiwiko. Magoti hayanyooki. Na ndani ya mboni za macho kuna weupe, kama tui. Shangazi akauliza, "Nani kamvunja mjukuu wangu?" na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye mikono yako.

Lililoniuma si swali lake. Lililoniuma ni wewe, kwa sababu na wewe uliitazama.

Baada ya hapo hukumgusa tena mtoto wa mtu. Walikuja kukuita usiku na mchana, ukawajibu mgongo unakuuma. Msimu mzima wa mpunga ukahamia shambani, ukapanda kwenye dungu lako ukawa unapigia ndege kelele, mtu ambaye huko nyuma hakuwa na nafasi hata ya kupalilia. Nilikufuata huko na Mwanaidi mgongoni. Nilikwambia hajavunjika, nilikuwapo, nimeona kwa macho yangu kwamba siku ya kwanza kabla hujamvuta mikono ilikuwa mifupi vile vile. Ukanijibu, "Mwari wangu, aliyevuta ni mimi, wewe ulikuwa unatazama." Nilikuwa na ninachokijua, sikuwa na wa kunielewesha kwa nini.

Mwanaidi akafa kabla hajaota meno. Ulikuja kwenye msiba ukakaa nyuma ya nyumba na wapika maji, hukuingia ndani. Mwaka haukupinduka, nawe ukavimba miguu, wakasema ni presha, ukatutoka.

Sasa nikupe usiloliona, maana lilikuwa siku yako. Tumekwisha kukuosha, nimekushika kichwa mimi mwenyewe, na mwoshaji akasema kama desturi, "Jamani, aliyekosana na Bi Mwanamvua amsamehe, safari yake ndefu." Wanawake wote wakaitikia, "Tumesamehe." Kisha ikasikika sauti ya Shangazi kutoka kwenye kona: "Miye bado." Hakupiga kelele. Alilisema taratibu, kama mtu anayekataa kuongezewa chai. Tukakuvika sanda na neno hilo limo chumbani. Tangu siku hiyo, Somo, kila nikikuombea dua naliona neno lile limekaa mlangoni. Mtu hazikwi na kinyongo cha mwenzie bila walio nyuma kuhangaika. Mimi nimehangaika.

Tukahamia Kibiti. Shabani aliingia kwenye biashara ya kamba, si unakumbuka wanunuzi walivyoanza kuja mpaka vijiji vya delta na masanduku ya barafu, kila mtu anataka kamba wapelekwe Ulaya. Nikapata mimba ya pili. Shangazi akatoa amri kutoka Ruaruke: nizalie kituo cha afya, kwa watu waliosoma, na mtoto asinyooshwe na mtu yeyote, hata mama yake. Nikakubali.

Pale kituoni yuko nesi mmoja, wewe hukumkuta, Sista Felista. Mtu wa Mbeya, Mkristo, mrefu, anatembea kama anachelewa basi, na akizungumza na akina mama wajawazito anamwita kila mmoja "mama yangu" hata binti wa juzi. Mwanzoni nilimwogopa. Ungempenda, japokuwa mngegombana kila siku kuhusu maji ya moto ya kumkandia mzazi. Ndiye aliyempokea Salumu. Alipomfuta tu nikaona anampimapima mkono kwa vidole vyake, anaurudia. Nikamwambia, "Sista, usinifiche, nimeshaona." Mifupi, Somo. Ile ile. Na mtoto ndiyo kwanza anatoka tumboni, hajaguswa na mafuta ya nazi wala ya Mzungu.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Aliona. Akateleza ukutani taratibu mpaka akakaa sakafuni. Nikadhani sasa ameelewa, atasema neno. Alisema kweli, lakini silo nililolingoja: "Anatuandama. Sikumsamehe, naye anatuandama." Yaani wewe! Kutoka kuwa mtu aliyekosea kuvuta, ukawa mzimu unaokunja watoto tumboni. Akaanza kupanga kumpata mganga wa kwenda Mohoro kulifunga kaburi lako. Somo, nililia mpaka uzazi ukaniuma upya. Nilijiona nimekuzika mara ya pili, na safari hii nimekuzika vibaya.

Sista Felista ndiye aliyemzuia, na wala hakumdharau. Alimwinua pale sakafuni, akampa kiti, akamwambia, "Mama yangu, kaburi halina miguu, litakungoja. Kwanza tukampige huyu mtoto picha ya mifupa." Shangazi huyo, asiyeambiwa kitu na mwanaume yeyote wa Ruaruke, akasema haya.

Tukaenda Dar sote: mimi, Shabani, Shangazi na Salumu. Daktari alikuwa mtu wa makamo, sauti ya chini, miwani ameifunga na uzi. Akatuonyesha ile picha kwenye taa. Kwenye maungio ya mifupa kulikuwa na vidoadoa vyeupe, kama mtu amenyunyiza chumvi. Akachukua damu ya mtoto na yetu, akasema palepale Dar hawana uwezo wa kuipima anavyotaka, kuna mwenzake anasafiri atakwenda nayo Ulaya. Tukarudi Kibiti kungoja. Ikapita mavuno ndipo tukaitwa tena.

Sasa nisikilize vizuri, maana haya niliyarudia njia nzima kwa ajili yako.

Daktari alisema mwili wa mtu umejengwa kwa vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, wao wanaviita seli. Kila seli imezungukwa na utando, na utando huo ni wa mafuta. Si mafuta ya aina moja, ziko nyingi. Iko aina ambayo mtoto asipokuwa nayo mifupa haikui sawasawa, macho yanaingia ukungu, na akili nayo inadumaa. Mafuta hayo hayatoki kwenye chakula yakiwa tayari, yanatengenezwa humo humo ndani ya seli, kwa hatua, na kila hatua ina mfanyakazi wake. Mfanyakazi huyo wanamwita kimeng'enya. Yule wa hatua ya kwanza kabisa ndiye ambaye Salumu hana, au anaye lakini hafanyi kazi. Shabani akaruka: "Kama barafu isipoletwa, siyo? Hata nikiwa na wachukuzi kumi, kamba wataoza." Daktari akacheka, akasema ndiyo, kwa leo tuchukue hivyo.

Shangazi akauliza, "Basi hayo mafuta si tuyanunue? Kila kitu siku hizi kinauzwa." Daktari akamjibu kwa upole kwamba hakuna ya kupaka wala ya kunywesha yatakayofika yanakotakiwa. Hapo nikakukumbuka wewe na nazi zako. Ulikuna, ukakamua, ukapika, ukampaka mpaka mkeka ukalowa, na yote hayo yaliishia kwenye ngozi. Alichokosa mwanangu kilikuwa ndani sana, mikono ya mtu haifiki huko, iwe yako au ya daktari.

Nikamuuliza waziwazi, sikuweza kungoja. Nikasema wa kwanza alinyooshwa na mkunga wetu, je, alivunjwa? Akavua miwani. Akasema, "Huyu wa pili hakunyooshwa na mtu na amezaliwa vile vile. Yule mama hakumvunja mtoto. Mtoto aliumbika hivyo toka mimba inatunga." Somo, nilihisi mabega yananishuka. Nilikuwa sijui kwamba nimeyabeba juu miaka yote ile. Nikacheka kwa sauti ndani ya chumba cha daktari, na mtoto mgonjwa mapajani, Shabani akanishika mkono akidhani nimepagawa.

Sitakuficha lililobaki, maana hukunilea kwa kufichana. Alisema pia kwamba kiungo kigumu kama kile kikivutwa kinauma, na kwamba Mwanaidi yaelekea alilia kwa maumivu ya kweli. Kikikataa, kiachwe. Nimekuambia. Hukujua, na hakuna aliyejua, na asiyejua akikosea kwa huruma nadhani Mungu ana pa kumweka.

Kisha daktari akaeleza linatoka wapi. Kila mtu, alisema, ana maelekezo mawili ya kumtengeneza mfanyakazi huyo, moja la baba na moja la mama. Ukiwa na moja zima na moja bovu, huumwi, wala hujui. Mtoto akipata mabovu mawili, ndiyo anakuwa kama Salumu. Na mimi na Shabani babu yetu ni mmoja na bibi yetu ni mmoja, kwa hiyo bovu lile lile limeshuka kwa njia mbili mpaka likakutana kwetu. Akasema si kila mtoto wetu atakuwa hivyo. Kila mimba ina sehemu tatu za salama na moja ya hatari.

Nilimwona Shangazi anahesabu. Si mjinga Shangazi, ana ulimi tu. Akasema, "Babu yao ndiye baba yangu. Bibi yao ndiye mama yangu. Kwa Shabani lilifika vipi, kama si kwangu?" Daktari akasema, "Lilipitia kwako, mama. Kupitiwa si kosa. Humu hakuna aliyekosa." Akarudia hilo la mwisho akimtazama yeye, kisha mimi, kisha Shabani. Shangazi akavuta mtandio akajifunika uso. Akabaki hivyo mpaka tunafika Kibiti.

Habari ya mganga na kaburi haikutajwa tena. Salumu naye alituaga kimya kimya, kifua kilimzidi. Nilimlilia sana, lakini kilio chake kilikuwa kilio tu, hakikuwa na mtu wa kunyooshewa kidole ndani yake. Kumbe kulia bila kumtafuta mchawi ni nafuu kubwa. Sikujua.

Mimba ya tatu ilinijia bila kuitaka wala kuikataa. Shabani hakulala. Mimi nilijitia ushujaa mchana, usiku nabonyeza tumbo nikitafuta mikono. Siku ilipofika Sista Felista akampokea, akamfuta, na kabla hajanionyesha akaichukua mikono yake miwili akaipishanisha kifuani, alijua ndilo ninalolingoja. Ikapishana. Ikapishana na ikabaki, Somo! Mirefu, imejaa, ina vigimbi. Nililia, Sista akalia, na mlangoni kulikuwa na mtu mwingine analia kwa sauti kuliko sisi sote. Ningempa jina lako, lakini ni dume. Tumemwita Athumani.

Kesho yake Shangazi akaingia na chupa ya mafuta ya nazi, ya kupika mwenyewe, imefungwa kwa kipande cha kitambaa. Akaniwekea. Akasema, "Mnyooshe." Nikamwambia, "Si ulikataza?" Akanijibu, "N'likataza. Sasa nakwambia mnyooshe. Si ulifunzwa wewe?" Basi nikakaa, nikanyoosha miguu, nikamlaza. Mikono ikakumbuka yenyewe.

Na juzi ndiyo ilikuwa arobaini. Hapa ndipo ninapokuhitaji, Somo.

Nyumba ilijaa. Wamekuja wa Mohoro, wa Ruaruke, wengine wamefika kutoka Mtawanya kwa baiskeli. Tumekwisha kula, mtoto amekwisha kutolewa nje, Shangazi akasimama. Nikajua atasema, maana alikuwa ameshika ukingo wa kanga kama anavyoshika akiwa na jambo. Akasema: "Siku tunamwosha Bi Mwanamvua mliulizwa, mkajibu. Miye n'lisema bado. Mlinisikia. Leo nasema sina cha kumsamehe, hakunikosea kitu. Aliyekosa ni mie, n'limtia aibu mbele yenu, akafa nayo. Nyie ni mashahidi. Namwomba yeye anisamehe."

Maiti husamehewa, hiyo tumeizoea, tuna la kuitikia. Lakini aliye hai akiomba radhi kwa maiti, nani ajibu? Wanawake walitazamana. Kisha mmoja akanigeukia mimi, na mwingine, mpaka wote. Huna mtoto wa kuzaa, Somo. Mwari wako ni mimi, na kichwa chako nimekishika mimi. Shangazi naye akanitazama, amesimama vile vile, mwanamke niliyemwogopa tangu sijaota jino.

Nilikufikiria. Nilikufikiria pale kwenye dungu, na nyuma ya nyumba na wapika maji. Sitakudanganya, kwa kitambo kidogo nilitaka kumjibu neno lake mwenyewe, ajue linavyokaa. Halafu nikakukumbuka unambusu mtoto nyayo baada ya kumliza.

Nikasema, "Amesamehe."

Nimekusemea bila kukuuliza. Ndiyo maana ya barua hii. Kama nimekosea, nijie ndotoni unigombeze, nitafurahi walau kukuona. Lakini naamini sikukosea, maana shangazi yangu alipolisikia aliketi chini kama mtu aliyetua mzigo wa kuni, akaomba maji.

Nakuahidi haya. Tayari wawili wameniita, na nimekubali. Nitawanyoosha watoto kama ulivyonifunza, kwa mafuta ya kupika, na kiungo kikikataa sitakivuta, nitambeba mtoto mpaka kwa Sista Felista hata kama mama yake hataki. Na popote jina lako litakapotajwa pamoja na neno kuvunja, nitambishia msemaji mpaka achoke yeye. Unanijua, mimi sichoki.

Pumzika, Somo yangu, umesikika.

Ni mimi mwari wako,
Hadija